Chembe Isiyo na Pande

Mimi sipendi wageni uwanjani saa za mjadala. Mtu asiyezoea akiona watawa wa kike zaidi ya mia wamesimama, wanapiga makofi, wanakanyaga chini kwa kishindo na kufokeana usoni, hudhani pamezuka ugomvi, na wapo wanaotaka kuamua. Mimi ni mtawa mwenzao na kazi yangu hapa ni nidhamu, na nidhamu na wageni havipikiki chungu kimoja. Lakini Mama Suman hakuwa mgeni wa kuambiwa asubiri langoni. Alikuwa ametoka Kinnaur, bondeni kwetu, kwa mabasi mawili na usiku mzima wa kutapika, amepakata mfuko wa mbegu za msonobari, kuja kumwona binti ambaye hakumtia machoni tangu alipompandisha basi akiwa na miaka kumi. Kitibeti hakujua hata cha kuombea maji. Wa kumfasiria nilikuwa mimi tu, kwa sababu kijiji chao na chetu vinatazamana, mto umepita katikati.

Binti huyo sisi tunamwita Namdol. Suman ni jina la nyumbani. Mara mbili nilimpa ruhusa ya kwenda kwao kusalimia, na mara mbili akanijibu kwamba ana mitihani. Sikumlaumu. Ana akili kali kama wembe, na mwenye wembe hupenda kukata.

Mama yake aliposhuka garini, alimvisha kitambaa cheupe shingoni, tunavyomvisha mtu wa heshima, akainamisha kichwa, kisha akarudi nyuma. Namdol naye akainama. Nikasema moyoni, mama huyu ana adabu, amejua kwamba mtoto wake sasa ni wa dini. Zaidi ya hapo sikuona kitu, na macho ninayo.

Wiki hiyo Namdol alikuwa amepewa mzigo mbaya. Mwalimu Thokme, anayetufundisha hoja, ana tabia ya kumpa mwanafunzi wake bora upande uliokwisha kushindwa zamani, autetee mbele ya wenzake, apate kuijua miiba yake kwa kuikalia. Safari hii alimpa upande wa wazee wa kale wa Kashmir, waliosema kwamba kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo kabisa zisizokatika tena, na kwamba chembe hizo hazina upana wala pande. Sisi hatuamini hivyo. Lakini ukishakaa kwenye mkeka wa mtetezi, huulizwi unaamini nini. Unaulizwa tu kama unalolisema sasa linapatana na ulilosema mwanzo.

Akimaliza alasiri mbili bila kunaswa, angepelekwa kwenye mkutano wa majira ya baridi, ambako nyumba zote za watawa wa kike hukutana kushindana. Namdol aliutaka mkutano ule kuliko chakula. Nilimkuta mara kadhaa akibishana na ukuta wa jikoni, na ukuta ukishindwa.

Basi alasiri ya kwanza nikamkalisha Mama Suman pembeni, kwenye ngazi ya hekalu, nami nikakaa karibu naye na fimbo yangu. Alikuwa amevaa kofia yake ya sufu yenye ukingo wa kijani, na buti za mwanawe wa kiume ambazo zilimzidi. Katikati ya uwanja Namdol alikuwa amekaa chini, mgongo wima. Mbele yake alisimama Palmo, mpingaji. Palmo ni mfupi, mcheshi, ana sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya pili, na ucheshi wake uwanjani ni kisu.

"Wanagombania nini?" Mama Suman akaniuliza.

"Kitu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo kuliko vyote."

Nikamweleza. Ukuta ni mawe, jiwe ni punje, punje ni vumbi, na vumbi nalo ukilikata na kulikata utafika mahali kisu kinakataa. Je, hicho kilichokataa kisu kina upana au hakina? Kama kina upana, basi kina huku na kule, na chenye huku na kule kinakatika. Kama hakina upana, ukivikusanya hata elfu utapataje kitu chenye upana, kama ukuta?

Mama Suman aliwaza kwa adabu. "Na kwa hili mtu anakosa usingizi?"

Nikamwambia wapo waliokosa usingizi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na bado hawajalala. Akacheka kidogo, akajifunika mdomo kwa shali. Nilimpenda pale.

Uwanjani Palmo alikuwa ameanza kazi. Aliisukuma tasbihi yake juu ya mkono, akanyanyua kiganja cha kulia, akakishusha juu ya cha kushoto kwa mlio, mguu ukagonga chini. Alitaka kujua: chembe moja ikizungukwa na nyingine sita, za pande nne, ya juu na ya chini, ile ya mashariki inakaa mahali pamoja na ile ya magharibi? Ikiwa hapana, basi chembe ya katikati ina upande wa mashariki usio wa magharibi, na imekwisha kukatika mbili. Ikiwa ndiyo, basi zote sita zimeingia mahali pamoja, na mlima huu ulio juu ya vichwa vyetu, na theluji yake yote, unaenea ndani ya punje ya haradali na nafasi inabaki.

Hapo ndipo watetezi wengi huanguka. Mtetezi hana ruhusa ya kuhutubia. Ana majibu machache tu. Anaweza kusema nakubali, au kwa nini, au sababu yako haijasimama, au hili halitokani na lile, na sababu yake kwa ufupi. Akijichanganya, uwanja mzima unamlilia aibu, na mpingaji anamzungushia tasbihi juu ya kichwa. Akizungushiwa mara tatu, ananyanyuka mkekani na kwenda zake.

Namdol hakuanguka. Alisema sababu haijasimama, kwa maana chembe hazigusani. Zinakaribiana, lakini kila moja iko peke yake na upenyo wake, na kisichoguswa hakihitaji upande wa kugusiwa. Lilikuwa jibu la wazee wenyewe wa Kashmir, na alilitoa bila kupepesa. Mwalimu Thokme, aliyekuwa amekaa ukutani, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi na kuukuta umekolea chumvi.

Palmo akabadili njia. "Kwa hiyo hakuna kitu kinachogusa kitu."

"Nakubali."

"Kiganja hiki hakigusi hiki." Akapiga.

"Nakubali."

"Makalio yako hayagusi mkeka."

"Nakubali."

"Ndiyo maana hayachoki," Palmo akasema, na uwanja ukacheka. Kicheko kikimpata, Palmo huwa hashikiki. Akageuka, macho yakazunguka, yakatua kwenye ngazi ya hekalu. Akamnyoshea mkono Mama Suman, mkono wazi, kwa heshima zote. "Yule mama aliyekuja kutoka mbali, aliyekuzaa. Hajawahi kukugusa."

Namdol alitabasamu. Nasema hivi kwa sababu baadaye wapo waliodai alisita. Hakusita. Alitabasamu kama mtu aliyeona mtego ukitegwa mahali ambapo hana mguu.

"Nakubali," akasema.

"Hata siku moja?"

"Nakubali."

"Tumboni je? Miezi tisa umejikunja humo, tumbo halikukugusa?"

"Nakubali."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Hata mimi nilicheka. Watawa wote walikuwa wanamtazama Mama Suman kwa upendo, wanacheka na kumtazama. Naye alitazama nyuso zile zote, akajaribu kucheka nao, akashindwa, akanigeukia.

"Wamenionyesha mkono. Suman amekubali nini?"

"Kwamba hujawahi kumgusa," nikasema.

Maneno yalinitoka kabla akili haijafika. Ilipofika, nilitamani ardhi ipasuke.

Maana mimi nilijua. Bonde zima lilijua. Mwaka aliozaliwa Suman nilikwenda nyumbani kumzika baba yangu, na kabla sijakaa nikaambiwa habari za ng'ambo ya mto: bi harusi wa nyumba ile amejifungua mtoto wa kike, ametema damu, na mama mkwe amempokonya mtoto. Nilisikia, nikasikitika kama watu wanavyosikitika na habari za majirani, nikarudi huku kwenye vitabu vyangu. Na sasa nilikuwa nimekaa bega kwa bega na bi harusi yule, nimemwambia kwa lugha ya kwao, wazi kabisa, jambo ambalo binti yake amelitangaza na watu wamelichekea.

Mama Suman hakulia. Alivuta ncha ya shali akafunika mdomo, kama mtu anayezuia kikohozi. Kisha akasimama, akashuka ngazi kwa buti zake kubwa na kwenda zake chumba cha wageni, huku akiwainamia watawa waliompisha. Mimi nilibaki na fimbo yangu, kulinda nidhamu.

Mjadala ulipokwisha Namdol alinikimbilia. Alikuwa anang'aa. Akaniuliza kama nimeona, kama mwalimu aliitikia kwa kichwa kweli, kama mama ameelewa hata kidogo. Nikamwambia twende kwa mama yako. Akapitia jikoni, akachukua birika la chai ya siagi.

Tulimkuta Mama Suman anafunga mfuko wake. Chumba kile kina vitanda viwili vinavyotazamana. Alikuwa amekaa kwenye kimoja, mfuko magotini. Zile mbegu za msonobari alikuwa amezitoa na kuziweka dirishani, kama mtu anayeacha kodi. Namdol akaweka birika chini, akauliza kulikoni.

"Nani alikuambia?" mama yake akasema. "Ni bibi yako, kabla hajafa? Au ni huyu?" Akanitazama mimi.

"Aliniambia nini?"

"Usinifanye mtoto, Suman. Umesema mbele ya watu wote."

Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Namdol ana Kitibeti cha kumtoa jasho mwalimu yeyote. Lakini lugha ya nyumbani kwake iliishia siku alipopanda basi. Ana maneno ya mbuzi, ya tufaha, ya njaa na ya usingizi. Maneno ya kueleza kwamba mtu anaweza kushika kauli asiyoiamini ili ijaribiwe, hayo kwa lugha ya mama yake hana.

"Si mimi niliyesema, mama," akaanza. "Wazee ndio walisema. Wazee wa zamani. Mimi nasema tu vyao."

"Wazee gani walionijua mimi?"

"Hawakujui. Ni... ni vitu vidogo. Vitu vyote havigusani. Si wewe tu." Akanigeukia, uso umeanza kubadilika. "Shangazi," akaniita kwa heshima ya kwetu, "mwambie."

Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo, nikaona hakuna neno nitakalosema ambalo halitakuwa uongo au kidonda.

Mama Suman alimtazama binti yake, na nadhani hapo akatambua. Alitambua kwamba Suman hakuwa amejua chochote, na kwamba aliyekuwa anamwaga siri sasa ni yeye mwenyewe. Angeweza kuikusanya upya. Alikuwa bado na nafasi. Hakutaka.

"Ulipozaliwa nilikuwa nakohoa," akasema. "Hujatimiza arobaini nikatema damu. Daktari wa Rampur akasema kifua kikuu, nikae mbali na mtoto mpaka dawa ziishe. Bibi yako akasema mpaka yeye mwenyewe aridhike. Wewe ukapandishwa juu, mimi nikashushwa chini ya nyumba, kwenye zizi la ng'ombe. Maziwa yangu niliyakamulia kwenye majani ya ng'ombe. Ulipoanza kutambaa nilikuwa nakusikia kwenye mbao, juu ya kichwa changu. Ukienda dirishani najua. Ukienda jikoni najua."

"Bibi alisema unalala chini kwa sababu unapenda ng'ombe," Namdol akasema.

"Nawachukia ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Mama Suman akaendelea, sasa kwa haraka, macho yake sakafuni.

"Nilipopona ulikuwa unakimbia. Nikakunyoshea mikono, ukapiga ukelele ukamkimbilia bibi yako. Nikairudisha. Tangu hapo kila nikitaka kukushika naiona ile damu. Nikasema nitamshika kesho. Siku ya basi ulinyoosha mkono dirishani, nikakupa mfuko wa mbegu. Nimekuja huku kuomba radhi, nimeshindwa hata kuanza, nimekuvisha kitambaa nikarudi nyuma. Kwa hiyo uliyoyasema ni kweli. Tumboni tu ndipo walipokudanganya. Tumboni nilikubeba, na nilikuwa nakusikia."

Namdol alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili. Magoti yao yalikuwa karibu kiasi kwamba mtu asingeweza kupita katikati. Niliwatazama mmoja na mwingine, nikatamani niwasukume kama mbuzi mlangoni. Namdol alikuwa mwekundu mpaka kwenye kichwa kilichonyolewa. Aibu yake niliielewa: alikuwa amepata sifa kubwa kuliko zote maishani mwake kwa kumvua mama yake nguo mbele ya watu, na alikuwa ametabasamu alipokuwa akifanya hivyo. Akainuka, akammiminia mama yake chai kikombeni, akakiweka kitandani na si mkononi, na nadhani wote watatu tuliona alipokiweka.

"Kesho ujibu vilevile," mama yake akasema. "Usiharibu kazi yako kwa ajili yangu."

Nje, kwenye kijia, Namdol akaniuliza bila kunitazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukamfasiria."

"Nikamfasiria."

Akajifunika kichwa kwa vazi lake, akaenda zake. Nimewahi kutukanwa na watu wenye vipaji vya kutukana. Hakuna aliyeniumiza kama mgongo ule.

Tuna desturi moja. Alasiri ya pili mpingaji huanza kwa kuyakariri yote ambayo mtetezi aliyakubali jana, moja baada ya jingine, na mtetezi huyathibitisha upya. Akilikataa hata moja, amejichanganya. Akikaa kimya, ni vilevile. Nililijua hilo, kwa hiyo asubuhi nikamtafuta Palmo, nikamkuta anafua, nikamwambia lile la mama aliruke.

"Aa, Mama Deskit, niliruke?" akasema. "Si ndilo lililowafurahisha watu? Hata mwalimu alicheka."

"Liruke tu."

"Kwa sababu gani?"

Kumwambia sababu ni kuitangaza siri mara ya pili. Nikamfokea kuhusu sabuni anayoipoteza, nikaondoka. Mchana kutwa nilijiambia labda Mama Suman atapanda basi la saa nane, asiwepo. Lakini jua lilipoanza kupungua alikuja, kofia imenyooshwa, buti zimepigwa maji, akakaa ngazini mahali pale pale. Nikamuuliza kwa nini asipumzike. Akasema jana alikimbia, na mtu hakimbii mara mbili.

Palmo akapiga makofi, akaanza. Chembe ya mwisho haina pande. Namdol akakubali. Chembe hazigusani. Akakubali, sauti imepungua. Kiganja hakigusi kiganja, makalio hayagusi mkeka. Akakubali, akakubali. Watu walikwisha kuanza kutabasamu, wanakijua kinachofuata.

"Mama yako hajawahi kukugusa."

Namdol alikaa kimya.

Palmo alidhani hakusikika. Akarudi nyuma, akapiga tena kwa kishindo, akarudia. Namdol alikuwa anatazama mkeka. Mwalimu Thokme aliinua nyusi. Kanuni haina huruma: Palmo akaizungusha tasbihi juu ya kichwa cha Namdol, na uwanja ukalia aibu, bado kwa furaha, maana walidhani anachezea muda.

"Mbona hajibu?" Mama Suman akaniuliza. "Jibu si analo?"

"Analo."

"Si lile la jana?"

"Ndilo hilo hilo."

"Basi aseme. Nilimwambia aseme."

"Jana alikuwa hajui, Mama Suman."

Palmo akaingia zamu ya pili. Alikuwa ameacha kutabasamu. Palmo si mjinga. Aliona kuna kitu, ila hakujua ni kitu gani, na mpingaji akishaanza hawezi kusimama katikati. Kimya. Tasbihi ikazunguka. Safari hii kilio cha aibu kilikuwa kikali, kwa kuwa walikuwa wanaona nyumba yao ikipoteza mtu wa kwenda mkutanoni.

"Wanalia nini?" akaniuliza.

"Aibu."

"Ya nani?"

"Ya binti yako."

"Wamekosea," Mama Suman akasema, akasimama.

Ni marufuku mtu asiye mtawa kuingia uwanjani mjadala ukiendelea, na ni mimi ninayelinda marufuku hiyo. Alinipita mbele ya magoti. Fimbo ilikuwa mkononi mwangu, ikabaki mkononi mwangu. Alitembea katikati yao kwa buti zile, wakampisha, si kwa heshima, kwa mshangao. Alipofika mkekani hakumtazama Palmo wala mwalimu. Akaketi chini karibu na binti yake, akaelekeza uso kule binti yake alikoelekeza, kwa wale waliokuwa wakilia, akangoja sehemu yake ya aibu.

Palmo alinitazama mimi, kuuliza afanye nini. Nikamtazama mwalimu. Mwalimu alitazama chini. Hakuna aliyempa ruhusa ya kuacha, basi akauliza kwa zamu ya tatu, bila kofi, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Mama yako hajawahi kukugusa?"

Namdol akanyoosha mkono, akashika mkono wa mama yake.

Mama Suman alishtuka. Aliuvuta mkono wake kwa nguvu, kama mtu aliyeunguzwa na sufuria, akaanza kusema kitu cha haraka ambacho mimi peke yangu nilikielewa pale, kwamba acha, acha, utaugua. Namdol hakuuachia. Akaushika kwa mikono yote miwili, akaukandamiza gotini kwake mbele ya watu wote.

Mtetezi aliyekubali kwamba hakuna kitu kinachogusa kitu, hawezi kufanya vile. Hakuna hoja ya kumwokoa. Lilikuwa kosa lililo wazi kuliko yote niliyowahi kuyaona uwanjani, na kila mtawa aliliona. Tasbihi ya Palmo ilipita juu ya vichwa vyote viwili. Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa kilio cha tatu huanzishwa na mwenye fimbo.

Nikakianzisha. Nililia aibu kwa sauti yangu yote, wakanifuata, na nilitaka wanifuate mpaka mlimani kusikike, maana sikujua njia nyingine ya kuisema aibu yangu mwenyewe.